Maua Mia Tatu ya Mama Gundi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi hii. Kama bomba lako la maji liko wazi, lifunge kwanza. Kama kuna sufuria inatokota, punguza moto. Leo sitaki kushindana na sufuria ya mtu.

Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa mfagizi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Alikuwa mke wa mlinzi. Alikuwa mama wa watoto watatu, wavulana wawili wakubwa na binti mmoja wa mwisho ambaye nyumbani wanamwita Kitinda. Lakini ukienda mtaani kwao ukamtaja kwa jina la kwenye cheti, watu watakukodolea macho. Uliza Mama Gundi. Hapo hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha mlango.

Jina hilo alipewa na wapiga chapa wa kiwandani. Kila asubuhi alifika kazini na gundi iliyokauka kwenye vidole, na wao, watu wa utani wale, wakawa wanasema ukimpa mkono saa mbili, mnaachana saa sita mchana. Na gundi yenyewe hakuinunua. Aliipika. Unga wa ngano, maji, chumvi kidogo isioze, ndani ya kisufuria kilichopinda mpini. Siku moja mumewe alitoka zamu ana njaa, akakikuta kisufuria kile mezani, akanywa. Akadhani ni uji. Alilalamika tu kwamba umekosa sukari, akamaliza wote. Mama Gundi alipenda kusimulia kwamba siku hiyo ndiyo siku pekee mzee yule alishinda kimya.

Kwenye kile kiwanda kulikuwa na mashine ya kusawazisha kingo za vitabu. Kitabu kikishashonwa, mashine inakikata pembeni, na vipande virefu vyeupe vya karatasi vinamwagika sakafuni kama tambi. Kazi ya Mama Gundi ilikuwa kuvifagia na kuvitupa. Akamwomba msimamizi avichukue. Msimamizi akamwambia achukue tu, atampunguzia safari za jalalani. Basi kwa miaka ishirini na sita, kila jioni, mama yule alitoka getini na furushi kichwani.

Ukiingia nyumbani kwao, wasikilizaji wapendwa, kwanza unacheka. Halafu unasogea karibu. Pazia la jikoni limetungwa kwa vifungo vya mashati yaliyokufa. Zulia la mlangoni limesukwa kwa matambara ya sare za mzee. Fremu za picha ni maboksi yaliyovalishwa karatasi iliyochovywa kwenye chai ya rangi, na ukiziangalia kwa mbali utaapa ni mbao. Nyumba nzima imetengenezwa na vitu ambavyo mimi na wewe tulivitupa juzi.

Na sherehe je? Kwenye familia ile hakuna sherehe iliyokosa mapambo eti kwa sababu mfuko umetoboka. Kitinda alipofikisha miaka sita, alivikwa taji lililokatwa kwenye boksi la sabuni ya kufulia. Nje lilipakwa rangi ya dhahabu iliyochemshwa kutoka maganda ya vitunguu. Ndani halikupakwa kitu. Kila alipoinama kupuliza mishumaa, wageni walisoma: "Huondoa madoa sugu." Picha ipo. Nimeiona. Kaka zake hawajaacha kumtania mpaka leo, na yeye ana miaka ishirini na saba.

Mzee alipostaafu ulinzi, Mama Gundi alimtengenezea mnyororo wa pete za karatasi kutoka kwenye ratiba zake za zamu. Pete moja, wiki moja ya kazi. Mnyororo ulizunguka sebule mara tatu. Mzee, badala ya kukaa na wageni, alishinda anatembea kandokando ya ukuta anasoma maisha yake. Alipofika pete moja karibu na dirisha akamwita binti yake. Akamwambia hii ndiyo wiki uliyozaliwa wewe, nilikuwa zamu ya getini, nikaletewa habari na muuza magazeti.

Huyo ndiye Mama Gundi. Sasa niwapeleke kwenye maua.

Kitinda akiwa na miaka saba alipelekwa kwenye harusi ya watu wenye uwezo. Kulikuwa na tao la maua mlangoni, la kukodi, na bibi harusi akapita chini yake. Njiani kurudi, mtoto akauliza kama na yeye siku moja atapita chini ya tao kama lile. Mama yake hakufikiri mara mbili. Akamwambia lako litakuwa na maua mia tatu, na hakuna hata moja litakalorudishwa kwa mwenyewe.

Maua mia tatu. Ikumbukeni hiyo idadi.

Miaka ikapita. Kitinda akapata kazi ya mapokezi kwenye zahanati, mji mwingine. Huko akakutana na kijana fundi umeme, wakaelewana. Miaka miwili iliyopita kijana akajitambulisha rasmi nyumbani. Wiki hiyohiyo Mama Gundi alishika mkasi.

Kazi ya ua moja ilikuwa hivi. Petali kumi na mbili zinakatwa kwa mkono kutoka vile vipande vya kiwandani. Zinachovywa kwenye chai, zinapata rangi ya maziwa. Zikikauka, kila petali inapindwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ijikunje yenyewe. Inafungwa kwa waya wa ufagio wa zamani. Mwisho ua linachovywa haraka kwenye nta ya mshumaa inayoyeyuka juu ya moto, ili unyevu usililegeze. Haraka, maana ukichelewa kidogo tu, ua linakuwa taa.

Na akishamaliza aliyaweka wapi? Hapa ndipo penye shida yote, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Aliyaweka kwenye mifuko ya saruji. Mifuko mikuukuu, michafu, imefungwa kamba, imesimama nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma. Alikuwa na sababu zake. Karatasi ya mfuko wa saruji ni nene, mwanga haupenyi, na rangi ya chai haipendi mwanga. Tena alikuwa anasema hajawahi kusikia mwizi wa mifuko ya saruji. Taka zenyewe, zile za kutupa kweli, alizitia kwenye kapu alilolipamba kwa utepe na vifungo, kapu zuri kuliko sanduku langu la nguo. Mgeni ukiingia nyumba ile, unaweza kuvua kofia kwa heshima ukaiweka kwenye taka.

Wote wa nyumbani walijua. Majirani walijua. Mifuko ile ya saruji haiguswi. Kitinda peke yake hakujua, kwa sababu alikuwa mbali, na kwa sababu yalikuwa maua yake na hakutakiwa kuyaona mpaka siku yenyewe.

Ijumaa moja, wiki kama kumi na moja zilizopita, Kitinda alirudi nyumbani. Jumapili yake wakwe walikuwa wanakuja kupanga mambo ya harusi. Alifika asubuhi, akakuta wazazi wamekwenda kliniki, maana Mama Gundi alikuwa na tatizo la moyo, na siku hiyo ilikuwa ya kupimwa. Binti akaiangalia nyumba kwa macho ya wakwe. Akajifunga kanga kiunoni. Akafagia. Akapiga deki. Akaingia chumba cha nyuma, akaona mifuko minne ya saruji nyuma ya mlango, akamsikia mtu wa mkokoteni wa taka anapita barabarani anagonga kengele.

Akamwita.

Mifuko minne. Maua mia tatu. Kazi ya miaka miwili.

Wazazi walirudi saa nane mchana. Mama Gundi aliona sakafu inang'aa. Akaona nyuma ya mlango. Kitinda mwenyewe ananiambia anaikumbuka dakika ile, ila wakati huo hakujua ni dakika gani. Mama yake alisimama pale, ameshika mkoba wa dawa kwa mikono miwili. Kisha akageuka akasema, "Umefagia vizuri, mwanangu." Akaenda chumbani kwake.

Akamwita mdogo wake, yaani mama mdogo wa Kitinda, anayeishi nyumba ya pili. Akamtuma jalalani, aende mbio. Mama mdogo alikwenda. Alikuta wameshachoma. Huwa wanachoma Ijumaa mchana. Alirudi ananuka moshi, na mkononi ana waya mmoja mweusi.

Wasikilizaji wapendwa, wewe ungefanya nini? Mimi najijua. Ningepiga ukelele mpaka mitambo ya redio hii iungue. Mama Gundi aliwakusanya mumewe na mdogo wake chumbani, akawaapisha. Kitinda asijue. Wala leo, wala siku ya harusi, wala akishazaa. Alisema mtoto amekuja na furaha yake, anataka mama yake aonekane msafi mbele ya wakwe, sasa umwambie nini?

Lakini majirani je? Wale walijua habari za maua, na Jumapili wangekuja kusaidia kupika, na mdomo wa mtu hauna kufuli. Mama Gundi akawatangulia. Akapita nyumba hadi nyumba akisema panya wamemwingilia, wametafuna maua yote, na kwa hiyo msiyataje, yananitia uchungu. Watu wakampa pole. Jirani mmoja, mshona viatu, akamletea paka. Paka mwenyewe mnene, mvivu, hajawahi kumkimbiza hata nzi. Mama Gundi alikuwa hapendi paka tangu utotoni. Akampokea, akashukuru, akamlisha. Kitinda akamcheka mama yake kwamba uzee umemlainisha, siku hizi anafuga.

Jumatatu binti akarudi kazini. Jumanne Mama Gundi akaanza upya.

Alikuwa na wiki tisa za uhai. Hakujua, lakini daktari alikuwa amekaribia kumwambia. Apumzike. Asikae ameinama saa nyingi. Asivute moshi wa mishumaa. Mama mdogo alimkumbusha kila siku, na kila siku akajibiwa kitu. Siku moja alijibiwa hivi: "Daktari kasema nisibebe vitu vizito. Ua lina uzito gani?" Mzee alijaribu kuuficha mkasi. Mkewe akakata petali kwa wembe siku tatu, mpaka mzee akaurudisha mwenyewe, akauweka mezani.

Zamani alikuwa anatengeneza ua moja, mawili kwa siku, akijisikia. Sasa alitaka matano. Siku nyingine vidole vilikuwa vimevimba, kijiko kinateleza. Alikwenda mpaka kiwandani kwao kuomba vipande, na wapiga chapa wa siku hizi, vijana wasiomfahamu, wakamsaidia kubeba furushi mpaka kituoni.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mama mdogo alikuwa jikoni anakoroga gundi. Akamwita dada yake amletee kibao cha kukatia. Hakujibiwa. Akarudia. Akadhani dada amenuna, maana asubuhi walikuwa wamegombana kuhusu dawa. Alipotoka alimkuta ameegemea meza, kijiko mkononi, petali moja imeanza kujikunja.

Ndani ya mfuko wa saruji kulikuwa na maua mia moja themanini na saba.

Mia moja themanini na saba. Yamebaki mia moja na kumi na tatu. Na harusi ni wiki tatu kutoka leo.

Kitinda alifika jioni ileile. Siku ya tatu ya msiba, akitafuta shuka chumba cha nyuma, aliuona mfuko. Safari hii aliufungua. Akayaona maua. Akaketi sakafuni nayo mapajani, analia na kucheka pamoja, kama mtu aliyeletewa barua. Mama mdogo akamkuta hapo. Na Kitinda, kwa uchungu wake, akamwambia neno ambalo hata mimi ningelisema. Akauliza kwa nini mama hakuanza mapema. Kwa nini alisubiri mpaka mwisho, akajiua kwa haraka, kwa ajili ya makaratasi.

Mama mdogo alikuwa amebeba kiapo wiki tisa. Hapo kilimponyoka.

Alimwambia, "Alianza mapema. Alianza miaka miwili iliyopita." Akamwambia yote. Ijumaa, mkokoteni, jalala, waya mweusi, panya ambao hawakuwepo. Alipomaliza akataka kumshika, na Kitinda akasema asimshike.

Alimfuata baba yake uani, ambako wanaume walikuwa wamekaa. Akamwomba asimame wazungumze pembeni. Mzee alipomwona uso alielewa. Binti akamwuliza kama mama alikasirika siku ile.

Mzee ni mlinzi, wasikilizaji. Miaka mingi ya kuandika kwenye daftari nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Hajui kupamba maneno. Alisema mama yako alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu. Akasema, mtoto amefagia mpaka chini ya kabati. Alikuwa anajivuna, mzee alisema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mfagizi, na anajua watu wengi huliruka kabati.

"Halafu?" Kitinda akauliza.

"Halafu akalia."

"Sana?"

"Sana, mama."

Nilipokaa na Kitinda juzi, sebuleni kwao, nilikuwa nimejiandaa kumchekesha. Ndiyo kazi yangu, na familia yenyewe ni ya watu wa kucheka. Nikatoa mzaha mmoja kuhusu taji la sabuni. Akatabasamu kwa adabu. Halafu akaniambia maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu aliomba yafike kwenu: "Watu wanasema mama alinificha kwa upendo. Najua. Lakini alinipokonya nafasi ya kumwomba radhi. Wiki tisa alikuwepo. Ningepiga magoti. Ningekuja kumkatia karatasi. Sasa nampigia nani magoti?"

Nikamwuliza kama kweli anataka niyaseme haya hewani. Majirani wengi bado wanaamini habari ya panya. Akasema sema ni mimi. Sema jina langu la Kitinda, wote wananijua. Basi nimesema.

Siku ya mazishi ilitokea hoja. Baadhi ya akina mama walitaka maua yale yawekwe juu ya kaburi. Walikuwa na nia njema, na hakuna shada la dukani lingeyafikia kwa uzuri. Kitinda alikataa. Alisema haya yana kazi yake, na mwenye kuyatuma hajayamaliza. Upande wa bwana harusi ukapendekeza siku isogezwe mbele miezi mitatu. Mzee akasema mkewe alikuwa ameizungushia tarehe ile wino mwekundu kwenye kalenda, na yeye hana mamlaka juu ya wino wa mkewe. Harusi itakuwa siku ileile. Hakutakuwa na muziki. Kutakuwa na tao.

Maua yaliyobaki ni mia moja na kumi na tatu. Kitinda anayatengeneza mwenyewe. Mama mdogo anamfundisha, lakini kugusa haruhusiwi. Kaka zake walileta mikasi miwili mipya, wakaambiwa asante, wakae nayo. Majirani wamejitolea. Hataki. Vidole vyake ni vya kuandika kwenye daftari la wagonjwa, havijui kijiko. Ua lake la kwanza liliungua. La pili, mzee alilitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama ni la kabichi. Mpaka juzi tulipoagana alikuwa amefikisha kumi na tisa. Nimeyaona, na kwa kuwa kwenye kipindi hiki hatudanganyi kuhusu marehemu, basi hata walio hai tusiwadanganye: si mazuri. Petali moja inatazama huku, nyingine kule. Atayaning'iniza hivyohivyo kando ya yale ya mama yake, na kila atakayepita chini ya tao ataweza kuonyesha kwa kidole mahali mama alipoishia.

Kwa mzee wetu mlinzi, kwa kaka wawili, kwa mama mdogo, kwa wapiga chapa wa zamani waliosalimiana na mkono ule wenye gundi, sisi sote wa redio hii tunawapa pole. Pole sana. Mungu ampokee Mama Gundi na awatie nguvu. Na kwako, Kitinda, dada yangu, sina neno la kukutosha, na wewe unajua nina maneno mengi.

Kwenu mnaotusikiliza, naomba mfanye jambo moja kabla ya chakula cha mchana. Kila mmoja wetu ana mtu anayemfichia kitu kwa sababu anampenda. Mama, mume, dada. Mtu aliyenyamaza, akasema umefagia vizuri. Nenda kwake leo. Mwulize kama kuna kosa lako lolote analolibeba peke yake. Akisema hakuna, mwulize tena. Na wewe unayeficha, ninakuelewa, unamlinda. Lakini mwachie na yeye mlango wa kuingilia aje kukuomba msamaha, ungali unaweza kuupokea.

Juzi, mwisho wa mazungumzo, nilimwomba Kitinda aseme neno moja kwa mama yake, ili tufungie nalo kipindi. Akasema atajaribu. Nikawasha kinasa sauti, nikakiweka mezani katikati ya vile vipande vyeupe. Alifungua mdomo, akaufunga. Akasogeza kisufuria. Hakusema kitu. Nami sikukizima.

Kwa hiyo nina dakika nne za kipande ambacho hakina neno hata moja. Bosi wangu amenionya kwamba redio haikai kimya dakika nne. Nimemwambia si kimya.

Sikilizeni. Huo ni mkasi.